Maji Niliyomwagiwa Misheni

Mnaonicheka, chekeni tu. Hadithi ya wiki iliyopita iliniacha nimekaa juu ya paa la gari la watu, maji ya ghuba ya Tungue yananipanda magotini, na mkononi nina chupa ambayo sikuiachia hata gari lilipozama. Ndani mlikuwa na mchele wa kambi ya wapima ardhi, hawa waliokuja Palma, huku Msumbiji, na mambo ya gesi. Nililipitisha pwani maji yamekupwa, nikasimama kidogo tu kwa rafiki, kurudi maji yamejaa.

Kazi ikaishia palepale. Nyumbani nikasema nimefukuzwa kwa kuwa mimi mtu wa kuja, baba yangu wa Lindi. Mke wangu Saquina akanionea huruma mpaka akalia. Mama yake, Bi Atija, akawalaani watu wa gesi hadi sauti ikamkauka, na mimi pembeni naitikia amin.

Basi hapo nilikuwa bado mtu mzuri. Sikilizeni hadithi ya wiki hii.

Huku kwetu mwanamume akioa huhamia kwao mke. Nyumba ya mke, kitanda cha mke, hata jogoo anayekuamsha ni wa mama mkwe. Ukifukuzwa unaondoka na shati. Na Bi Atija alikwisha kusema siku ya ndoa, mbele ya watu wanakula wali, kwamba mkwe mlevi hatalala chini ya bati lake.

Kwa hiyo mimi nilikunywa kwa adabu. Karafuu mdomoni asubuhi, karafuu mchana, karafuu jioni. Binti yangu Laila akawa anawaambia wenzake baba yake ananuka pilau.

Vibanda vya pombe viliota mjini kama uyoga tangu wageni waanze kumiminika. Kireno kibanda ni barraca. Mimi nikasikia baraka, nikawa naifuata kila siku.

Baada ya lile gari nilitaka kuacha. Wallahi nili... hapana, mambo ya kuapa tuyaweke kando, mtaona kwa nini.

Nilikwenda kwa muuguzi mmoja nikamwambia nina rafiki yangu anakunywa.

"Huyo rafiki yako," akauliza, "naye ana macho mekundu hivyo?"

Akaniambia watu wa kusaidia mambo hayo wako mkoani, Pemba hii ya Msumbiji, si ile ya kisiwani. Nauli ya Pemba mimi sina, na ningekuwa nayo mnajua ingeishia wapi.

Nikaenda kwa mganga. Akanipa mzizi. "Unausaga, unauloweka, unakunywa asubuhi na jioni."

"Nauloweka kwenye maji?"

"Maji hayautoi nguvu. Kwenye tembo."

Nilishika masharti yote. Sidhani kama yule mganga aliwahi kupata mgonjwa mtiifu kama mimi.

Ndipo akanikuta Eusébio. Huyu ni fundi seremala, karakana yake iko ndani ya ua wa misheni. Yeye Mmakonde, marehemu baba yangu Mmwera, basi sisi watani. Mtani akikutukana mbele ya wakwe zako unacheka tu, huna pa kumshtaki. Alinikuta nimeegemea ukuta wa soko, mchana, na ukuta ndio ulionishika.

"Wewe Mmwera," akaniambia, "jeneza lako nimeshalipiga randa. Mbona unanichelewesha?"

"Nitakufaje, bawaba hujafunga?"

Hakucheka. Mtani asipocheka ujue kuna jambo.

"Kesho baada ya alasiri njoo karakana. Tuko wachache. Tunaacha."

"Mnaacha nini?"

"Hicho unachokificha kwa karafuu."

"Misheni, Eusébio? Mimi Mwislamu."

"Na mimi nimekualika kwenye mbao, sijakualika kwenye misa. Padre mwenyewe yuko Mocímboa. Njoo."

Kesho yake nikaenda. Ila kwanza nilipita mahali nikanywa kidogo, nipate ujasiri wa kwenda kuacha. Msiniulize akili hiyo niliitoa wapi.

Eusébio alinisikia harufu kabla sijafika getini. Akachukua ndoo ya maji, akaniinamisha kichwa, akanimwagia yote.

"Hapa huingii unawaka," akasema. "Zimika kwanza."

Nilitweta, nilikohoa, nikamtukana kwa utani, waliokuwa ndani wakacheka. Nikajifuta uso, nikaingia.

Ng'ambo ya barabara, Bi Nasma muuza samaki alikuwa anageuza samaki kwenye kikaango chake. Sikumwona. Yeye aliniona.

Ndani mlikuwa na mabenchi ya mbao mbichi, birika kubwa la maji, na vikombe vya bati vimetundikwa kwenye misumari. Alikuwepo baharia mmoja, na mama anayepika kambini kwa wapima ardhi. Na kwenye kona, anachonga kijiti kwa kisu ili asinitazame, alikuwepo Buanali.

Buanali, kaka yake mke wangu! Mwalimu wa chuo cha Qur'ani! Ndiye aliyemfundisha Laila alifu na bee, ndiye Bi Atija anayemtaja kila anapotaka kuniumiza.

"Shemeji," nikasema.

"Shemeji," akasema.

"Umekuja kumchukua nani?"

"Nimekuja kujichukua mwenyewe. Wewe je?"

Tukatazamana, tukaangua kicheko mpaka Eusébio akagonga benchi kwa nyundo.

Buanali alianzia kwenye kazi ya ujenzi kule visiwani, karibu na Macaloe. Wenzake walikuwa wanakunywa jioni, naye akaonja. Alirudi Palma na kiu. Kwa muda mrefu sasa hajagusa, na nyumbani hakuna anayejua alianza wala aliacha.

Utaratibu wao si mgumu. Unasimama, unataja jina lako. Unasema ulichofanya, bila kupamba. Unamaliza kwa kusema, "Leo bado sijanywa," kama ni kweli. Wenzako wanakujibu, "Kaa. Maji yapo." Unamiminiwa kikombe, unakunywa. Basi.

Sheria ni moja. Jina la mtu halitoki nje ya geti.

Mimi siku hiyo sikuweza kumaliza, maana leo nilikuwa nimekunywa. Wakanipa maji hivyohivyo. Niliponyoosha mkono kwenye kikombe kimoja cha buluu, Eusébio akanishika kiganja.

"Hicho kina mwenyewe. Huja siku yake, peke yake. Usiulize."

Sikuuliza. Nikarudi tena, na tena. Mikono ilitetemeka, usingizi ukakimbia, ulimi ukawa kama msasa. Nikijiona nalegea, Buanali ananijia mlangoni kama anayepita tu: "Shemeji, twende tukatembee." Tunatembea mpaka pwani, tunazitazama meli za gesi kule mbali, tunarudi. Hanipi mawaidha. Ananisimulia tu kuku wa nani kaibwa na nani.

Ikafika siku nikasimama nikasema, "Leo bado sijanywa," ikawa kweli. Yale maji niliyanywa huku nalia kama bibi harusi.

Hapo ingekuwa hadithi imeisha, na mimi ningekuwa nimewabania raha yenu. Lakini nyie mnanijua.

Ijumaa moja Bi Atija akakamata kuku. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba, kuchinja ni kazi yangu. Nikachukua kisu, nikamwelekeza kuku kibla.

"Lete kisu," akasema.

"Mama?"

"Nimesema lete."

Akakichukua, akatoka mpaka njiani, akamwita mtu anayepita na mzigo wa kuni kichwani, hata hamjui vizuri. "Mwanangu, hebu nichinjie kuku huyu." Yule akatua kuni, akachinja, akaenda zake. Mimi nimesimama na manyoya mkononi.

Nikajua pombe imejulikana.

"Mama, nisikilize. Mimi nimeshaacha."

"Umeacha dini ya baba yako, nimesikia. Bi Nasma amekuona kwa macho yake unabatizwa pale misheni, kichwa umeinamisha, maji mpaka kifuani. Aliyebatizwa hachinji kuku wangu."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Kosa kubwa.

"Anacheka," Bi Atija akawaambia majirani juu ya ua. "Mmemsikia? Wamemfundisha na kucheka."

Akaniambia nyumbani kwa kaka yake, Mzee Sharifu, wananisubiri.

Huyu Mzee Sharifu ni mjomba wake Saquina na Buanali, na ndiye msimamizi wa msikiti wetu. Mtu mkavu, maneno yake machache, tasbihi haimtoki mkononi. Nilikuta wazee wamekaa kwenye mikeka. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia, na nilisikia bangili nikajua Saquina yumo.

Njiani nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Nikikubali nimebatizwa, ndoa imekufa. Nikisema nilikwenda kule kwa ajili ya pombe, nyumba imekufa, na ndoa itafuata. Milango miwili, na yote inatokea nje.

"Bwana Mashaka," Mzee Sharifu akaanza. "Umebatizwa?"

"Hasha, mzee. Ashhadu an la ilaha illallah."

"Maji yale?"

"Ni utani, mzee. Eusébio mtani wangu."

"Utani!" Bi Nasma akadakia nyuma ya pazia. "Utani gani mtu anainama? Mimi nimekaanga samaki pale miaka, najua nani anaingia misheni kuuza mhogo na nani anaingia kukaa. Huyu anakwenda kila mara, anakaa, anatoka na uso umetakata!"

"Unakwenda kufanya nini kule?" Mzee Sharifu akaniuliza.

Nilimwona Laila kichwani. Nililiona shati langu mgongoni, na mimi niko njiani naelekea Rovuma peke yangu.

"Namfuata Buanali," nikasema.

Wazee wakainua vichwa.

"Buanali gani?"

"Wetu. Alikuwa anakunywa, mzee. Pale kuna watu wanaosaidiana kuacha. Mimi nilikwenda kumtoa."

Yametoka mepesi hivyo. Kumsalimia mtu asubuhi kunanichosha zaidi.

Nyuma ya pazia Bi Atija alitoa sauti ambayo sijaisikia tena wala sitaki. Wakamtuma mtu chuoni. Buanali akaja na vidole bado vina wino, akavua viatu, akaamkia kila mmoja. Aliponifikia mimi akatabasamu, akidhani ameitwa kuniokoa.

"Buanali," mjomba wake akasema. "Shemeji yako anasema wewe ulikuwa mnywaji."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni, limesahauliwa.

Alinitazama. Mimi nikautazama mkeka.

Angeweza kusema. Neno moja tu, "Na yeye," na mimi nimekwisha. Nilimsubiri aseme. Wallahi, tena nimeapa, nilitamani aseme.

"Ni kweli, mjomba," akasema. "Nilikunywa. Nimeacha."

"Na huyu alikuja kukutoa?"

Akafikiri. "Shemeji tunatembea pamoja," akasema. "Ananisaidia."

Mzee mmoja akavuta pumzi. "Watoto wetu, Sharifu. Wanashika msahafu mbele yake."

Mzee Sharifu alizungusha tasbihi yake. "Kesho watoto wasiende kwake," akasema, bila kumtazama mpwa wake. "Mpaka tutakapokaa tena."

Buanali akaitikia kwa kichwa. Akaufuta ule wino kwenye kanzu yake, kanzu nyeupe, ukaenea.

Na mimi? Mimi nikaletewa chakula! Bi Atija alikipitisha chini ya pazia kwa mkono wake mwenyewe, wali wa nazi na pweza, akisema huku analia, "Mkwe wangu mpeni na mto aegemee. Nimemdhulumu. Mtoto wa kuzaa amenificha, mtoto wa watu ndiye aliyemwokoa." Kuku mwenyewe nikaahidiwa jioni, na paja langu.

Nilitia tonge mdomoni. Halikwenda. Nililigeuza huku, nikaligeuza kule. Buanali amekaa hatua chache, ananisogezea bakuli la maji ninawe, kama desturi inavyotaka mwenyeji amfanyie mgeni.

Bakora ningeweza kustahimili. Lile bakuli lilinishinda.

"Mimi bado sijaridhika," Bi Nasma akasema nyuma ya pazia. Huyu mama angefaa kuwa askari. "Pombe ya Buanali nimeisikia, poleni. Lakini maji ya kichwani nimeyaona. Kama alikwenda kwa ajili ya mwenzake, mbona aliyemwagiwa ni yeye?"

Wazee wakatazamana. Hoja ilikuwa na miguu.

"Ashike msahafu," mmoja akasema. "Aape, tumalize. Atembee na heshima yake."

"Nitashika!" nikasema haraka. Maana kubatizwa sikubatizwa, hilo naweza kuliapia hata juu ya mnazi.

Mzee Sharifu akanitazama, kwa mara ya kwanza machoni. "Utasema hivi: Sikubatizwa. Na sikuingia pale kwa haja yangu, ila kwa ajili ya Buanali."

"Mzee, ile ya kwanza peke yake haitoshi? Ni fupi, inashikika."

Mtu mmoja akacheka. Mzee Sharifu hakucheka.

"Yote mawili."

"Huko mlikuwa mnapewa nini?" mzee mwingine akauliza.

"Maji," nikasema. "Tunapewa maji tu."

Tasbihi ya Mzee Sharifu ikasimama. Halafu ikaendelea.

Wakanipeleka uani kutia udhu. Nilinawa mikono, nikasukutua, nikanawa uso, nikarudia mikono nikiwa nimeshainawa, nikajifanya nimesahau mguu. Hakuna mtu aliyetia udhu kwa urefu ule tangu Palma ijengwe. Kila tone nililiambia, nitasema. Kila nilipofunga bomba nikajibu, sitasema.

Nikarudi. Msahafu uko juu ya mto mweupe, mbele ya Mzee Sharifu. Nikapiga magoti. Nikanyoosha mkono wa kulia.

"Asishike!"

Pazia likatikisika.

"Nani huyo?" wazee wakauliza.

"Saquina. Mjomba, asishike. Nakuomba."

"Unasema mumeo kabatizwa?"

"Mume wangu ananuka karafuu tangu Laila hajaota jino," Saquina akasema. Sauti yake ilitetemeka lakini haikukatika. "Mnadhani nilidhani ni pilau? Gari lilipozama nilijua. Nilinyamaza, nikasema atachoka mwenyewe. Na mwezi huu karafuu zimekwisha ndani ya kopo na hajanunua nyingine, na analala. Mlevi naweza kuishi naye, mjomba. Lakini akishika huo msahafu kwa uwongo, balaa halitamtafuta yeye. Litakuja kwa mwanangu."

Bi Atija akasema, "Saquina!"

Mkono wangu ulikuwa bado hewani, juu ya msahafu, unachuruzika maji ya udhu. Nikaurudisha kifuani.

Ningesema nini? Maneno yangu yote ya mjini, mizaha yangu yote, ilikuwa imetoka kwa mlango wa nyuma. Lililobaki ni lile tu nililofundishwa kwenye mabenchi ya Eusébio. Nikasimama.

"Naitwa Mashaka," nikasema.

Wazee wakatazamana, maana jina langu wanalijua.

"Nilikunywa. Nilizamisha gari la watu kwa ulevi, nikasema nimefukuzwa kwa sababu ya baba yangu. Misheni nilikwenda kwa haja yangu. Buanali nilimkuta pale ameshaacha zamani, na ndiye aliyenishika mkono mpaka leo. Nimemuuza mbele yenu ili nilale chini ya bati la mama yake, na chakula chake nikala. Lile tonge lilikuwa moja, lakini nililitia mdomoni."

Nikamalizia.

"Leo bado sijanywa."

Nikasubiri. Kule karakana, ukimaliza, hukai mpaka ujibiwe. Nilimtazama Buanali. Alikuwa anautazama ule wino kwenye kanzu yake. Hakuinua kichwa, na mimi nani nimdai?

Nyuma ya pazia nilimsikia Bi Atija anavuta pumzi ya mtu anayejiandaa kufukuza. Nikainama kutafuta viatu vyangu.

"Kaa," mtu akasema. "Maji yapo."

Lilitamkwa taratibu, karibu kwa kunong'ona. Buanali akainua kichwa ghafla. Hakuwa yeye. Alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye, maana neno lile halikuwahi kutoka nje ya geti la Eusébio, na sisi wawili ndio tu tuliokuwa tunalijua mle ndani.

Halafu sote wawili tukageuka upande wa kibla.

Mzee Sharifu alikuwa ameweka tasbihi chini. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya magoti, inatetemeka kama yangu ilivyotetemeka nilipoanza kuacha, na machozi yanamshuka kwenye ndevu mbele ya wazee wa msikiti wake. Ndipo nikamjua mwenye kile kikombe cha buluu.

Pazia likafunguka. Bi Atija akatoa kichwa nje, kanga imemteleza, akamtazama kaka yake kama anamwona leo.

"Sharifu," akasema. "Maji gani hayo?"